Ng'ombe kwenye terminali

Afisa mifugo ana faili aliloliita ng'ombe.txt. Anafungua terminali ya Linux, anaandika cat ng'ombe.txt ili alisome, anabonyeza Enter. Hakitokei kitu ila alama ya > kwenye mstari mpya. Anabonyeza tena, inakuja nyingine.

Kompyuta haijakwama, inamsubiri amalize. Kwa Bash, programu inayopokea amri kwenye mashine nyingi za Linux, ritifaa hufungua nukuu, na yote yanayofuata yamo ndani ya nukuu hiyo hadi ritifaa nyingine iifunge. Akibonyeza Ctrl na C atatoka. Kisha alizungushie jina alama mbili za kunukuu, "ng'ombe.txt", au aandike ng tu na kubonyeza Tab, Bash imalizie yenyewe.

Jina lenyewe ni halali kabisa. Linux inakataa vitu viwili tu katika jina la faili: mkwaju (/), unaotenganisha folda na folda, na baiti ya sifuri, inayoonyesha kuwa jina limeishia hapo. Vingine vyote ruksa. Urefu nao hausumbui: mfumo wa mafaili wa ext4 unaruhusu baiti 255, ilhali Unix ya zamani iliishia herufi 14, kwa sababu kila faili lilitengewa baiti 16 ndani ya folda, na 2 kati ya hizo zilibeba namba yake.

Lakini jina linalokubalika na diski laweza kusomwa vingine kabisa na Bash, na hapo ndipo watu hupoteza kazi zao. Nafasi kati ya maneno ni hatari kuliko ritifaa, maana ritifaa angalau hukusimamisha. Tuseme una mafaili mawili: bajeti, na bajeti ya zamani. Ukiandika rm bajeti ya zamani ili kufuta hilo la pili, rm inapokea majina matatu. Italalamika kwamba "ya" na "zamani" hayapo, lakini bajeti unayoitegemea itakuwa imeshafutika, na rm haipeleki kitu kwenye kapu la taka.

Ndiyo maana nasisitiza herufi ndogo, tarakimu, nukta na vistari. Kistari kisianze jina, kwani amri itakidhania chaguo. Tarehe ianze na mwaka, 2024-06-30, ili ls, amri ya kuorodhesha mafaili, iyapange kwa mfuatano wa siku. Namba ziwe 01, 02, la sivyo 10 itatangulia 2.

Inaniuma kuandika ngombe bila ritifaa, kwa kuwa tahajia yetu ina sababu zake. Ibaki sahihi ndani ya faili, kwa wasomaji. Kwenye jina, iondoe kwa kuandika mv -i "ng'ombe.txt" ngombe.txt, na usiiache hiyo -i: bila hiyo, kama ngombe.txt ipo tayari, kwa kawaida mv itaifunika bila kukuuliza.