Mapigo Mia Mbili na Zaidi

Kisiwa cha Remba, katika Ziwa Victoria upande wa Homa Bay, ni mwamba mdogo uliofunikwa na mabati. Wavuvi wa Kenya, Uganda na Tanzania wamebanana hapo, na Kijaluo, Kiganda na Kiswahili husikika katika kichochoro kimoja. Naanzia hapa kwa sababu muziki wenye kasi ya kupindukia, ambao leo unawashangaza wacheza dansi wa Berlin, ulizaliwa katika mitaa iliyobanana hivyohivyo. Jina lake ni singeli, na kwao ni Dar es Salaam.

Muziki wa hausi hupiga mara 120 hivi kwa dakika. Gaba, ule muziki mkali ulioitikisa Rotterdam miaka ya 1990, hukaribia 200. Singeli huanzia hapo na kupanda, mara nyingine hadi 300. Mtu huuliza: hivi huchezwaje? Chukua biti ya mapigo 240. Kiuno hufuata pigo moja na kuliacha linalofuata, kwa hiyo kinacheza 120 kwa raha zake, huku miguu na mabega vikiokota yaliyobaki. Mchezaji ana kasi mbili mwilini, na huhama kutoka moja kwenda nyingine apendavyo.

Chanzo cha kasi hiyo ni kigodoro, sherehe ya uswahilini inayokesha mpaka alfajiri. Muziki wa mchiriku ulikuwa umeshatangulia, na vinanda vyake vidogo vya Casio na vipaza sauti vilivyochoka. Kisha vijana wakachukua vipande vya ala za taarabu, wakavizungusha kwenye kompyuta na kuvikimbiza, MC akighani juu yake bila kupumua. Bendi nzima ni gharama. Kompyuta moja na spika za kukodi zinatosha mtaa mzima.

Hesabu hiyohiyo ilipigwa kaskazini mwa Uganda. Larakaraka, ngoma ya uchumba ya Waacholi, huhitaji kundi kubwa la wapiga vibuyu kwa njiti za baiskeli. Baada ya vita vya huko, familia nyingi hazikuweza kuligharamia. Mwanamuziki Otim Alpha na mtayarishaji Leo Palayeng wakaihamishia kwenye kompyuta, na arusi zikaendelea. Waacholi ni ndugu wa lugha wa Wajaluo wa Remba, ambao nao ohangla yao, ngoma ya ngozi ya kenge, siku hizi huenda na kinanda cha umeme.

Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa kazi za Otim Alpha, na pia Sounds of Sisso, mkusanyo wa singeli kutoka studio ya Sisso iliyoko Mburahati, Dar es Salaam. Tamasha la lebo hiyo lilianzia Jinja, pale Ziwa Victoria linapomwaga maji yake kwenye Nile. Kutoka hapo wasanii wa singeli Bamba Pana, Makaveli, Jay Mitta, Duke na baadaye DJ Travella wakafika majukwaa ya Ulaya.

Nafurahia safari hiyo, ila jambo moja linaniuma. Huko nje singeli husifiwa kama kelele za ajabu, mashine iliyopagawa. Wanaoisifu hivyo hawamsikii MC. Yeye anazungumzia kodi ya nyumba, majirani, mapenzi na pesa isiyopatikana, na pale Mburahati hata watoto humjibu neno kwa neno.