Mvua Inyeshayo Uani Isipotee Bure

Katika nchi ya Ukambani mvua hunyesha kwa majira mawili: masika, tangu Machi hata Mei, na vuli, tangu Oktoba hata Desemba. Kati ya majira hayo jua huwa kali na visima hupungua. Lakini nyumba nyingi zinazolia kiu mwezi wa Agosti ndizo zile zile ambazo mwezi wa Aprili maji yalipita uani mwao yakaenda zake bondeni, tena yakachukua udongo mzuri. Mwenye nyumba atakaye mboga na kivuli mwaka mzima, kazi yake ya kwanza ni kuyazuia maji hayo.

Yafaa kuanza na paa. Mvua ya milimita 1 ikianguka juu ya meta 1 ya mraba huleta lita 1 ya maji. Basi nyumba ya mabati yenye urefu wa meta 6 na upana wa meta 5 ina paa la meta 30 za mraba, na mvua moja ya milimita 20 huiletea lita 600. Hata sehemu moja katika tano ikipotea, hubaki lita 480, yaani madebe 24 ya lita 20 ambayo mama hatakwenda kuyateka mtoni. Panahitajiwa mfereji wa bati chini ya ukingo wa paa na pipa lenye kifuniko, ili mbu wasizae humo. Maji ya kwanza, yenye vumbi na mavi ya ndege, yaachwe yaende bustanini.

Pili ni uwanja wenyewe. Desturi ya kufagia uwanja wote mpaka uwe mtupu ina sababu zake, maana nyoka huonekana upesi na watoto hupata mahali pa kuchezea. Lakini udongo mtupu ukipigwa na matone ya mvua uso wake huziba na kuwa mgumu, na maji yasipoweza kupenya hukimbia. Kwa hiyo yatosha kufagia mbele ya mlango na penye njia tu. Mahali pengine pote paachwe majani mafupi, au papandwe kitu.

Kama uwanja una mteremko, uchimbwe mtaro mdogo wa kuukata mteremko huo, nao udongo utupwe upande wa juu. Hiyo ndiyo kazi iitwayo "fanya juu," ambayo wakulima wa Machakos wameitumia tangu miaka ya 1950 kuponya mashamba yaliyokuwa yakiliwa na maji. Ifaayo shamba hufaa na uwanja. Juu ya tuta hupandwa majani ya ng'ombe, na mizizi yake huushika udongo.

Maji yaliyooshea vyombo nayo yasimwagwe ovyo. Karibu na jiko lichimbwe shimo lenye upana wa sentimeta 90 na kina cha sentimeta 60, lijazwe udongo uliochanganywa na samadi, na ndani yake upandwe mgomba au mpapai. Maji ya sabuni yasimwagiwe mboga za majani. Hizo zipewe maji safi ya pipa, jioni au alfajiri, wakati jua halijapata nguvu ya kuyakausha. Kunde huvumilia ukame, na mchicha huanza kuchumwa baada ya majuma matatu au manne.

Tena majani makavu na mabua yasichomwe moto. Yakitandazwa juu ya udongo kwa unene wa sentimeta 5 hata 10, huuzuia usikauke, na yakioza huwa mbolea. Lakini yasigusane na shina, maana mchwa hupenda kujificha humo.

Juu ya miti, hapana budi kuchagua kwa hadhari. Huko Baringo, katika miaka ya 1980, ulipandwa mti mgeni ambao wenyeji huuita mathenge, ili uzuie jangwa. Mti huo ulistawi kupita kiasi, ukafunga malisho na njia, na maganda yake matamu yakaharibu meno ya mbuzi. Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliutangaza kuwa gugu baharibifu. Mwembe, mkwaju na mukau ni miti inayojulikana Ukambani kwa faida zake, nayo haina vita na jirani.

Kazi hizi hazitaki fedha nyingi, ila jembe na macho. Mvua ya kwanza ikinyesha, mwenye nyumba asimame mlangoni atazame maji yanaingilia wapi na kutokea wapi. Pale yanapotokea yakiwa mekundu kwa udongo, ndipo mahali pa kuanza kuchimba kesho yake.