Nani Anapanga Bei ya Seva Zako?

Mwenye biashara ya kuhifadhi tovuti huuza huduma ambayo vipande vyake vingi ni vya wengine. Seva ni za kununua, umeme na intaneti ni vya kulipia kila mwezi, na katikati kuna programu: ile inayoigawa seva moja iwe mashine pepe nyingi, ile inayompa mteja dashibodi yake, ile inayotoa ankara. Mjadala wa kutumia programu huria katika biashara hii kwa kawaida huendeshwa kama mjadala wa gharama, kana kwamba swali ni ipi ya bure na ipi ya kulipia. Kwa anayeiendesha, programu huria haijawahi kuwa ya bure. Thamani yake iko kwingine: inampunguzia mfanyabiashara idadi ya watu wanaoweza kumpangia bei bila yeye kuulizwa.

Tuanze na cPanel. Kwa miaka mingi leseni ya dashibodi hiyo ilihesabiwa kwa seva. Ulilipa ada moja ukajaza akaunti za wateja kadiri mtambo ulivyohimili. Mwaka 2018 kampuni hiyo ilinunuliwa na wawekezaji wa Oakley Capital, na Juni 2019 ikatangaza kuwa ada itafuata idadi ya akaunti. Aliyejenga biashara yake juu ya mamia ya wateja wadogo, tena wengine wakiwa wameshalipa ada ya mwaka mzima, aliona hesabu zake zinapinduka ilhali yeye hakubadilisha kitu. Novemba 2023 Broadcom ikakamilisha ununuzi wa VMware, kampuni ya programu za kuigawa seva, kwa takriban dola bilioni 69, na mwezi uliofuata ikatangaza kuwa haiuzi tena leseni za kudumu. Anayetaka sasa alipie usajili. Hakuna lililokiuka haki hapo, mwenye mali kapanga bei ya mali yake. Kwa mfanyabiashara wa Nairobi, isitoshe, kuna mpangaji wa pili, nayo ni dola. Mwanzoni mwa 2022 dola moja ilikuwa kama shilingi 113 za Kenya, na Januari 2024 ilifika 160. Leseni ya dola 100 kwa mwezi ilipanda kutoka shilingi 11,300 hadi 16,000 bila muuzaji kuigusa. Seva nazo hununuliwa kwa dola, ni kweli, ila ukishazinunua umezinunua.

Upande wa pili, wa programu huria, una msingi imara kuliko wengi wanavyodhani. KVM, programu inayoigawa seva, imo ndani ya kiini cha Linux tangu 2007, na juu yake yamejengwa majukwaa kama OpenStack, Apache CloudStack na Proxmox. Na si mambo ya wapenda kompyuta wa usiku. OpenStack ilianzishwa mwaka 2010 na shirika la anga la Marekani, NASA, pamoja na Rackspace, kampuni ya Texas iliyokuwa ikiishi kwa kukodisha seva. Ceph, mfumo unaounganisha diski za seva nyingi ziwe ghala moja, ulianzishwa na Sage Weil, mmoja wa waasisi wa DreamHost, ambayo nayo ni kampuni ya kuhifadhi tovuti. Sehemu nzuri ya zana hizi, basi, ilitengenezwa na watu wa kazi hiihii.

Pingamizi kubwa ni kwamba gharama haikutoweka, imehama kutoka kwenye leseni hadi kwa mafundi. Ni kweli, na wanaoipigia debe programu huria hulipita jambo hili haraka mno. OpenStack ni mkusanyiko wa huduma nyingi, moja ya mashine, nyingine ya mtandao, nyingine ya diski, nyingine ya utambulisho, na hutoa toleo jipya mara mbili kwa mwaka. Kampuni yenye mafundi watatu itakayoivaa itajikuta inaihudumia OpenStack badala ya wateja. Ceph kwa mpangilio wake wa kawaida huweka nakala tatu za kila kitu, kwa hiyo data ya terabaiti 10 inataka diski za terabaiti 30. Ndiyo maana naona kampuni ndogo ianze na Proxmox, ambayo fundi mwenye uzoefu wa Linux huimudu, na ikikua ifikirie CloudStack, ambayo sehemu kubwa ya usimamizi wake hukaa katika seva moja na hifadhidata yake. Lakini gharama iliyohamia kwa fundi imehamia mahali unapoweza kujadiliana. Mshahara hulipwa kwa shilingi, na ujuzi hubaki nchini. (Hubaki mpaka kampuni ya ng'ambo imwajiri fundi huyo akiwa nyumbani kwake, jambo ambalo nalo lataka mipango.)

Wapo wanaosema kampuni za programu huria nazo hubadilika. Zimebadilika. Mwishoni mwa 2017 kampuni ya Citrix iliondoa vipengele kadhaa katika toleo la bure la XenServer, programu yake ya kuigawa seva. Tazama kilichofuata: msimbo ulikuwa wazi, na mwaka 2018 Wafaransa wa kampuni ya Vates wakautoa upya kwa jina la XCP-ng, vipengele vikarudi. Mteja wa VMware hakuwa na mlango huo. Vivyo hivyo kwa msaada wa kiufundi: Proxmox huuza usajili, na ni busara kuulipia, ila usipouhuisha mashine za wateja haziachi kufanya kazi.

Hoja yangu huyumba kwenye dashibodi. Mteja hajali kilichoko chini ya tovuti yake, bali anaijua cPanel, na ukimhamisha utapokea simu kuhusu barua pepe kwa wiki kadhaa. HestiaCP na Virtualmin ni huria na zinafanya kazi, lakini mazoea ya mteja ni mtaji ambao hakuna leseni inayoufungua. Kampuni inayohama ingeanzia chini, kwenye mashine pepe, mahali ambapo mteja haoni tofauti. Wateja wa zamani wabaki na cPanel, wapya wapewe HestiaCP kwa bei nafuu zaidi, na ada ya leseni iandikwe peke yake kwenye ankara ya anayeitumia.