Harusi si ruhusa ya kuuza pombe usiku kucha

"AFANDE, hii ni harusi, si baa!"

Hayo yalikuwa maneno ya mzee mmoja, mjomba wa bwana harusi, katika tafrija niliyoalikwa hapa Nairobi. Ilikuwa yapata saa sita kasorobo usiku. Keki ilikuwa imekwisha kukatwa, vijana walikuwa wangali wakisakata ngoma, na kwenye pembe ya bustani mhudumu alikuwa akiendelea kufungua chupa na kupokea pesa. Askari walimsikiliza mzee kwa adabu, kisha wakauliza swali moja tu: "Leseni iko wapi?" Hakuna aliyejibu. Muda si muda, mhudumu na makreti yake wakapakiwa garini, muziki ukazimwa, na bibi harusi akabubujikwa na machozi mbele ya wakwe zake.

Msomaji, huenda nawe una harusi, mahafali au sherehe ya kumuaga mfanyakazi mwenzako hivi karibuni. Kama vileo vitauzwa hapo, soma haya kabla hujachapisha kadi.

Wengi wetu hudhani kwamba saa za pombe zinawahusu wenye baa pekee, na kwamba shughuli ya kifamilia ina msamaha wake. Sivyo. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, ile iliyobandikwa jina la "Sheria ya Mututho" kutokana na John Mututho, aliyekuwa mbunge wa Naivasha wakati huo, inamtaka kila anayeuza kileo awe na leseni. Kwa baa ya kawaida, saa zilizowekwa ni kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi. Wikendi na sikukuu, ni kuanzia saa nane mchana hadi saa tano usiku.

Leseni ziko za aina nyingi: ya baa, ya hoteli, ya mkahawa, ya klabu na kadhalika, na kila moja ina masharti yake. Kwa hivyo usitosheke meneja akikuambia, "Hapa hakuna shida." Mwombe akuonyeshe leseni yenyewe. Tazama ni ya aina gani, na inaruhusu kuuza hadi saa ngapi.

Je, ikiwa mahali ulipopata hapana leseni, kama vile uwanja au bustani ya kukodi? Sheria imeweka leseni ya muda, inayotolewa kwa ajili ya shughuli maalumu. Hiyo huonyesha mahali, siku na saa. Tangu Katiba ya 2010, utoaji wa leseni za vileo ni kazi ya serikali za kaunti, na baadhi yazo zina sheria zao wenyewe. Nairobi ilipitisha yake mwaka 2014. Nenda basi katika ofisi ya kaunti mapema, uulize masharti ya huko. Usingoje wiki ya harusi, wala usitegemee neno la mdomo la mtu anayedai kuwajua wakubwa. Usiku wa manane, mtu huyo huwa amezima simu.

Utauliza, na nikiwapa wageni wangu bia nyumbani bila malipo? Hiyo si biashara. Lakini mara unapoanza kupokea pesa, hata kama ni za harambee ya karo, na hata kama zinaingia kwa M-Pesa, umegeuka muuzaji. Nanyi wanafunzi mnaoandaa tafrija na kutoza kiingilio "pamoja na bia mbili", itakuwa vigumu kumshawishi hakimu kwamba bia hizo zilikuwa za bure.

Wanafunzi wasisahau jambo jingine. Ni hatia kumuuzia au kumpa kileo mtu aliye chini ya miaka 18, na katika mwaka wa kwanza wa chuo huenda wamo wasiotimiza umri huo. Mwenye leseni pia haruhusiwi kuwaacha watoto waingie sehemu inayonywewa pombe. Katika harusi zetu, ambapo watoto hucheza chini ya kila meza, ni muhimu meza ya vinywaji iwekwe kando, pahali pake, na mtu mzima aisimamie.

Kisha kuna jirani. Kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2009 huhesabu usiku kuanzia saa mbili, si saa tano. Leseni ya pombe haikupi ruhusa ya kutikisa madirisha ya mtaa mzima. Ruhusa ya vipaza sauti huombwa peke yake.

Zaidi ya yote, fikiria safari ya kurudi nyumbani. Saa hizi hazikuwekwa kwa ajili ya kutunyima raha tu. Mgeni aliyekunywa tangu mchana hadi usiku wa manane, kisha akashika usukani, ni hatari kwake na kwa mamaye bwana harusi aliyepewa lifti kiti cha nyuma. Funga meza ya vinywaji nusu saa kabla ya muda kwisha. Leta chai, supu na mandazi. Kodi matatu ya kuwarudisha wageni. Gharama yake ni ndogo kuliko ya jeneza.

Nilikutana na yule mzee majuma machache baadaye. Aliniambia kwamba kamati ya harusi ilikutana mara nane, na mikutano miwili mizima ikaishia katika kubishana juu ya rangi ya vitambaa vya meza. Swali la leseni halikuulizwa hata mara moja.

Katika kamati yako, liulize wewe, tena katika mkutano wa kwanza.