Taarab ya nani ndiyo taarab?

Taarab ya kwanza kujulikana Unguja ilikuwa ya kasri, na ilikuwa ya Kiarabu. Masimulizi ya Zanzibar yanaeleza kwamba Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri akajifunze kupiga kanuni, ala ya nyuzi nyingi inayolazwa mapajani. Klabu ya Ikhwani Safaa, iliyoundwa mwaka 1905, iliutoa muziki huo nje ya kasri, lakini mikononi mwa wanaume na kwa lugha ileile. Enzi hizo, kuitaja taarab ilikuwa kutaja starehe ya wakubwa.

Aliyeigeuza maana hiyo ni Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, mtoto wa watu waliopitia utumwa, ambaye kabla ya kuimba alikuwa akitembeza vyungu mjini. Siti aliimba kwa Kiswahili, akaingiza humo mambo ya mitaani: dhuluma, rushwa, mapenzi, kesi za mahakamani. Wimbo wake kuhusu Kijiti, muuaji aliyetorokea bara, ni habari kamili ya tukio lililowauma watu wa mitaa ya Ng'ambo mjini Unguja. Mwaka 1928 yeye na wenzake walisafiri hadi Bombay kurekodi santuri, na zilipouzwa pwani nzima, wasikilizaji wa Mombasa, Tanga na Lamu walilipokea jina la taarab likiwa tayari limevaa Kiswahili.

Kila mji uliongeza lake. Mombasa, Juma Bhalo aliimba kwa mahadhi ya filamu za Kihindi, wakati Zein l'Abdin alishikilia udi. Tanga, kundi la Black Star lilipunguza ukubwa wa okestra, likaingiza gitaa la umeme na besi, na sauti ya Shakila ikasikika mbali na pwani. Hakuna aliyehitaji jina jipya kwa mambo hayo. Yote yalikuwa taarab, kwa sababu shairi lilibaki na vina vyake na fumbo lake.

Fumbo ndilo linaloeleza kwa nini jina liliweza kubeba mengi. Ukumbini, mwanamke huinuka kitini taratibu, noti mkononi, ubeti unaomgusa ukifika. Humtunza mwimbaji huku akimtupia jicho aliyekusudiwa, kisha hurudi kukaa. Hajatamka neno, na waliohusika wameshaelewa.

Katika miaka ya 1990 fumbo lilivuliwa nguo. Kundi la East African Melody liliweka vinanda vya umeme mahali pa fidla na kanuni; Dar es Salaam, makundi ya TOT, alikoimba Khadija Kopa, na Muungano, alikoimba Nasma Khamis, yakarushiana vijembe jukwaani. Mipasho na rusha roho yakawa majina ya mtindo huo mjini, na watu waliokuwa wakisikiliza wameketi wakaanza kucheza. Kundi la Jahazi la Mzee Yusuf lililofuata lilijiita waziwazi Modern Taarab.

Hapo ndipo muziki wa zamani ulipohitaji kivumishi, ukaitwa taarab asilia. Kivumishi hicho kina dhuluma kidogo. Kinaifanya kazi ya Siti ionekane kama kitu kilichokuwapo tangu mwanzo, ilhali yeye ndiye aliyevunja desturi kubwa kuliko zote, ile ya lugha. Pia kinawanyima waimbaji wa mipasho haki ya kuhesabiwa warithi wake, ingawa kuusema mtaa kwa wimbo ni kazi aliyoianza yeye.

Leo maana hizo zinaishi pamoja. Chuo cha muziki cha Nchi za Jahazi, kilichoanza kufundisha Unguja mwaka 2002, kinawapa vijana kanuni, udi na fidla, na Culture Musical Club, iliyoasisiwa mwaka 1958, bado inapiga kwa okestra kamili. Kwenye harusi ya Dar es Salaam, wenyeji wakisema usiku kutakuwa na taarab, wageni hujua watakuta kinanda, spika kubwa na akina mama waliovaa sare, nao huenda na noti ndogondogo za kutunza.