TAZAMA MAJI KABLA HUJACHAGUA MNAZI

Leo tuzungumze habari ya mnazi. Ukikosea mbegu ya mahindi, msimu ujao utajirekebisha. Ukikosea mnazi mrefu, utangoja miaka sita au saba ndipo ujue, na shamba limekwisha kaliwa.

Mnazi hupenda mvua ya milimita 1,500 kwa mwaka, iliyoenea miezi yote. Sisi wa Bagamoyo tunapata kama milimita 1,000 tu, tena kwa vipindi: masika ya Machi hadi Mei, na vuli ya Oktoba hadi Desemba. Lakini mnazi haulali. Tangu ua hadi nazi kukomaa ni karibu mwaka mzima. Maana yake, kila kidaka, kabla hakijafika kuwa dafu, koroma na hatimaye nazi, lazima kipite kiangazi. Maji yakikosekana, vidaka hupukutika.

Mbona basi minazi mingi kandokando ya bahari inazaa? Mizizi yake inafikia unyevu ulioko chini. Kwa hiyo fanya hivi: mwisho wa Septemba, kabla ya vuli, chimba shimo la mita 2, utazame.

Kwanza, ukikuta mchanga wenye unyevu, panda mnazi mrefu wa pwani yetu.

Pili, kama maji yako karibu na unaweza kumwagilia kiangazi chote, unaweza kupanda mnazi mfupi, yaani kitamli. Huu huzaa mapema, miaka mitatu au minne, lakini ukame hauuwezi.

Tatu, ukikuta pakavu kabisa, usilazimishe mnazi. Panda mkorosho, ambao hutaka jua wakati wa kuchanua, au mananasi kama wenzetu wa Kiwangwa.

Nne, pakituama maji, mizizi itaoza. Chimba mfereji kwanza, au pandа mahali pengine.

Usivutwe na sifa za mbegu ya mbali. Kuanzia miaka ya 1980 wataalamu walijaribu hapa pwani minazi chotara iliyosifika Afrika Magharibi. Mingi ilishindwa na ukame, na ule ugonjwa unaoangusha nazi changa, ukageuza majani kuwa manjano, hata mnazi ukabaki nguzo tupu.

Basi mbegu itafute karibu. Chagua mnazi mzima, unaozaa vizuri mwaka hadi mwaka; bora zaidi ule uliobaki umesimama pale ambapo jirani zake wamekufa kwa ugonjwa. Chukua nazi zilizokauka vizuri, uzioteshe kitaluni. Zinazochelewa kuota zitupe. Panda mwanzo wa masika, na chini ya shimo weka makumbi, yatunze maji.

Kama una shaka, muulize bwana shamba au bibi shamba wako kabla ya kutoa fedha. Mnazi utakaoupanda leo watauangua wajukuu zako. Shime, ndugu mkulima, shika jembe uchimbe shimo!