Drili Mbali na Nguzo ya Umeme (2)

Katika sehemu ya kwanza tuliitazama keke ya upinde, waliyotobolea mbao maseremala wa enzi zile misafara ilipotoka Bagamoyo, ikapumzika Tabora, kisha ikashika njia ya Ujiji. Nguvu yake ilikuwa mkono wa fundi. Leo fundi wa mizinga ya nyuki katika miombo ya Sikonge au Urambo ana drili, ila nguzo ya umeme huenda iko mbali na kambi yake. Wengi hukimbilia jenereta, au hufunga inveta kwenye betri ya gari. Kwa kazi ya kutoboa, njia zote mbili ni gharama za bure, na hesabu inaonyesha hivyo.

Drili hula umeme mwingi kwa sekunde chache, kisha hukaa kimya. Tundu la kuingilia nyuki halimalizi nusu dakika. Siku ya fundi huishia kwenye kupima, kukata na kupigilia misumari. Tuseme kutwa nzima drili inazunguka dakika 10, ikivuta wati 400. Hapo zimetumika kama wati-saa 67. Betri ya drili ya volti 18 yenye ampea-saa 4 hubeba 72. Kazi ya siku, basi, imeenea kwenye betri moja ya kushikwa mkononi, na paneli ya sola ya wati 50, ikipitia betri ndogo na chaja ya volti 12, huijaza tena kwa jua la siku moja la kiangazi. Masika yakitanda mawingu, uwe na betri ya akiba. Ukiendesha drili ya wati 400 kwa inveta, betri ya gari italazimika kutoa zaidi ya ampea 33, na zaidi ya hapo inapoanza kuzunguka. Waya mwembamba utapata moto, inveta ndogo italia na kuzima.

Mpinzani atasema betri za drili ni ghali, na bandia zimejaa madukani. Ni kweli, nyingine zimeandikwa ampea-saa zisizomo ndani. Lakini jenereta hunywa petroli hata drili ikiwa imelala. Anayechomelea vyuma au kuendesha randa ya umeme ana haki ya kuwa nayo, kwani mashine zake hudai umeme mwingi kwa muda mrefu. Anayetoboa tu haihitaji. Wiki ijayo tutaeleza namna ya kuipima betri dukani kabla hujatoa pesa.